London Calling ya The Clash: albamu bora ya panki, au si panki kabisa?

#1 Nyuzi4
Wakuu, salaam.

Kila orodha ya albamu kubwa za panki, ile roki ya kasi na hasira ya miaka ya 70, lazima iitaje London Calling ya bendi ya Uingereza The Clash (1979). Ukubwa wake sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sababu zinazotolewa: hasira, siasa, sauti ya mwimbaji Joe Strummer, ile picha ya jalada. Mimi nasema kinachoibeba albamu hii ni watu wawili wanaotajwa mwisho, Topper Headon kwenye ngoma na Paul Simonon kwenye besi.

Sikilizeni nyimbo tatu tu kwa mfululizo: Jimmy Jazz, Koka Kola, halafu Train in Vain. Kwenye ya kwanza Headon anacheza kama mtu wa jazi hotelini usiku, fimbo zinagusa tu. Ya pili haifiki dakika mbili na inakimbia kama daladala iliyochelewa. Ya tatu ni mdundo wa kucheza, mkavu, na huo mdundo ndio unaokuja kichwani kabla hujakumbuka hata neno moja la wimbo. Ni mtu mmoja, seti moja ya ngoma, santuri moja. Sasa mnitajie mpiga ngoma mwingine wa panki wa miaka ile aliyeweza hivyo.

Njooni na hoja.

#2 Kijiweni_Sugu
Nimefungua uzi nikidhani ni panki ya kinyozi. Haya, naweka kiti.

#3 SindanoKavu
Mleta uzi, umejibu swali lako bila kujua. Ukisema mdundo wa jazi, mdundo wa kucheza, ukaongeza rege, ska ya Jamaika, tarumbeta na ogani za albamu hii, hapo umeshatoka kwenye panki. London Calling ni albamu nzuri ya roki iliyotengenezwa na watu waliowahi kupiga panki.

Panki kamili ni Ramones, albamu ya kwanza ya bendi ya jina hilo, ya Aprili 1976. Nyimbo 14, dakika 29, gharama ya kurekodi dola 6,400, kazi ya takriban wiki moja pale Plaza Sound, New York. Hakuna solo. Mkono wa kulia wa mpiga gitaa Johnny Ramone unashuka tu, haupandi. London Calling ina nyimbo 19 na dakika 65. Ukihitaji dakika 65 kusema jambo lako, hiyo si panki tena, ni mkutano wa kijiji.

#4 ShangaziRege
SindanoKavu kaka yangu, hapo nakupinga kwa ushahidi. Unasema The Clash walitoka kwenye panki mwaka 1979 kwa kuwa waliingiza rege na ska. Albamu yao ya kwanza, ya 1977, ambayo hata wewe huwezi kuinyima jina la panki, ina Police and Thieves, wimbo wa rege wa Junior Murvin. Na haikuwa ya kujazia nafasi: inakaribia dakika sita kwenye albamu ambayo nyimbo nyingine nyingi haziko mbali na mbili. Mwaka huohuo Lee Perry, aliyeutengeneza wimbo huo kule Jamaika, aliwasimamia studioni kwenye wimbo wao Complete Control.

Na kwenye klabu ya Roxy pale London, DJ Don Letts alikuwa akiwapigia mashabiki wa panki santuri za rege, kwa sababu santuri za panki zenyewe zilikuwa bado hazijatosha kujaza usiku mmoja. Rege ilikuwa ndani ya nyumba tangu msingi unachimbwa. Msituambie ilikuja kama mgeni mwaka 1979.

#5 Nyuzi4
Asante shangazi. Niongeze hapohapo: kwenye hiyo ya 1977 mpiga ngoma alikuwa Terry Chimes, Headon bado hajaingia. Sikiliza Police and Thieves ya 1977, kisha sikiliza Revolution Rock au Wrong 'Em Boyo ya 1979. Ya kwanza ni vijana wa roki wanaoiheshimu rege kutoka nje ya mlango. Za pili ni watu wanaokaa humo. Tofauti kubwa ni kiti cha ngoma.

#6 KandaMbili
Mimi niingie kwa upande wa bidhaa yenyewe, maana watu wanazungumzia dakika 65 kama kosa.

Albamu ilitoka Uingereza tarehe 14 Desemba 1979, santuri mbili kwa bei ya moja. CBS, kampuni yao ya santuri, hawakutaka santuri mbili. Bendi ikaomba waruhusiwe kuweka singo ya bure ya inchi 12 ndani ya jalada, wakakubaliwa. Hiyo "singo" ikaishia kuwa na nyimbo tisa. Ndivyo santuri ya pili ilivyopatikana.

Sasa tazameni urefu wa kila upande. Wa kwanza dakika 15 na nusu hivi. Wa pili karibu 18. Wa tatu una nyimbo nne tu, haufiki 13. Wa nne karibu 19. Mtu yeyote anayejua kukata santuri ataona faida: mfereji wa besi unahitaji nafasi, kwa sababu sauti nzito huifanya sindano iyumbe kwa upana zaidi. Ukibana dakika 25 kwenye upande mmoja wa inchi 12, unalazimika kupunguza sauti nzima au kunyoa besi. Kwa dakika 13 hadi 19 unaikata kwa nguvu. Kwa hiyo, Nyuzi4, hiyo besi ya Simonon unayoisifia ilipewa uwanja wa kuchezea. Ingekuwa santuri moja iliyobanwa, tungekuwa tunasikia nusu yake.

#7 Masikio
Kandamizo zuri hilo KandaMbili. Ila albamu yenyewe si ndiyo iliyochaguliwa na jarida la Rolling Stone kuwa bora ya miaka ya 80? Sasa mnasema 1979. Lipi ni lipi?

#8 KandaMbili
Yote mawili ni kweli. Marekani ilitoka Januari 1980, na jarida ni la Marekani. Wakahesabu kwa kalenda yao.

#9 SindanoKavu
ShangaziRege, nakubali Police and Thieves. Lakini wimbo mmoja wa rege ndani ya albamu ya panki ni kiungo. Kwenye London Calling viungo vimekuwa chakula chenyewe. The Right Profile inamhusu mwigizaji Montgomery Clift na ina tarumbeta kibao. Lost in the Supermarket ni wimbo laini kabisa wa pop. The Card Cheat ina piano na ukuta wa sauti. Mkiondoa jina la bendi mkampigia mtu asiyejua, atasema ni panki?

#10 FundiMezani
Uzi umenikuna. Naona mnagombea ngoma na rege, mmeisahau meza ya kurekodia.

Albamu ilirekodiwa Wessex, studio ya Highbury, kaskazini mwa London, kuanzia Agosti 1979. Prodyuza alikuwa Guy Stevens, fundi mitambo Bill Price. Stevens hakuwa mtu wa kuzungusha vitufe vya meza. Kazi yake ilikuwa kupandisha joto chumbani: anazungusha ngazi, anarusha viti, anamwaga kinywaji kwenye piano wakati mtu anapiga. CBS hawakumtaka kwa sababu ya ulevi wake. Lakini alikuwa na kanuni moja nzuri: rekodi ya kwanza yenye roho inashinda ya kumi isiyo na kosa.

Mfano ni Brand New Cadillac, wimbo wa Vince Taylor wa 1959. Headon alitaka warudie kwa sababu mwendo ulikuwa umepanda. Stevens akakataa, akasema rock 'n' roll yote inaongeza mwendo. Msiniamini mimi, pimeni wenyewe. Chukua programu yoyote ya simu ya kugusia mapigo, gusa kwa sekunde 20 za mwanzo, andika namba. Gusa tena kwa sekunde 20 za mwisho, andika. Namba ya pili itakuwa juu. Kwa prodyuza wa kawaida hilo ni kosa la kufuta. Hapa ndilo linalofanya wimbo uonekane unakuja kukugonga.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: sababu ni Guy Stevens.

#11 Nyuzi4
Mkuu FundiMezani, umeleta mfano mzuri lakini umenipa mimi ushindi. Aliyeona mwendo umepanda ni Headon. Maana yake kwenye nyimbo nyingine 18 alikuwa ameushika.

#12 FundiMezani
Aliushika, ndiyo. Lakini mtu aliyeamua ule usioshikwa ubaki alikuwa Stevens. Bendi ikijipima yenyewe hufuta makosa yake yote, mazuri na mabaya.

#13 Mwanakijito
Nina tatizo na simulizi ya Guy Stevens. Ngazi na viti vinasimuliwa sana kwa sababu vinachekesha. Lakini nyimbo zilikuwa tayari kabla hajafika.

Walipoachana na meneja wao Bernard Rhodes walipoteza pia sehemu yao ya mazoezi kule Camden. Wakahamia chumba kinachoitwa Vanilla, Pimlico, sehemu ya nyuma ya gereji. Kuanzia Mei 1979 walikuwa hapo kila siku: mpira wa miguu mchana, mazoezi hadi usiku. Walirekodi kwenye mashine ndogo ya njia nne za sauti. Kanda hizo zilidhaniwa zimepotea, mfanyakazi wao alizisahau kwenye treni ya chini ya ardhi. Nakala zikapatikana mwaka 2004 kwenye maboksi ya mpiga gitaa wao Mick Jones na zikatolewa pamoja na toleo la miaka 25.

Sikilizeni hizo kanda. Sauti ni mbovu, maneno mengine hayajakamilika, lakini mipangilio ipo: wapi besi inaingia, wapi wimbo unakatika. Bendi iliyofanya mazoezi miezi mitatu mfululizo inaweza kurekodi mara mbili au tatu na kuondoka, hata prodyuza akirusha viti. Bendi ambayo haijajiandaa ukiirushia viti unapata fujo tu. Sababu ni Vanilla.

#14 ShangaziRege
Mwanakijito umenena. Na mtu asisahau kwamba Vanilla walikuwa wakipiga nyimbo za watu kwa ajili ya kujifunza: rege, rokabili (rock 'n' roll ya zamani), kila kitu. Danny Ray, The Rulers, Vince Taylor, wote waliingia kwenye albamu kwa njia hiyo. Ndiyo maana Wrong 'Em Boyo inaanza polepole kama wimbo wa zamani wa Stagger Lee, inasimama, halafu wanaanza upya kwa ska. Hicho ni kitu cha chumba cha mazoezi.

#15 FundiMezani
Sawa, basi niongeze jina la tatu ambalo linaonewa: Bill Price. Fundi huyuhuyu, studio hiyohiyo ya Wessex, ndiye aliyekuwa mezani kwa Never Mind the Bollocks, albamu ya bendi ya panki Sex Pistols, chini ya prodyuza Chris Thomas. Sikilizeni zote mbili kwa spika zilezile. Kwa Pistols, mpiga gitaa Steve Jones amelundika gitaa juu ya gitaa mpaka hakuna upenyo, na besi nyingi alizipiga yeye mwenyewe akifuata gitaa. Kwa The Clash, Price ameacha mashimo. Kila ala ina kona yake. Albamu mbili za panki zenye mwili tofauti kabisa, mikono ileile mezani.

Na The Card Cheat aliyoitaja SindanoKavu: ule ukubwa si mashine. Walipiga kila kitu mara mbili, ngoma mara mbili, piano mara mbili, wakaweka moja juu ya nyingine. Mtu hawezi kurudia mkono wake sawasawa kwa usahihi wote, kwa hiyo vile vipande vidogo vya sekunde vinavyotofautiana ndivyo vinavyoifanya sauti iwe pana. Mkijaribu nyumbani kwa programu, msinakili faili na kuliweka mara mbili. Mtapata sauti kubwa zaidi, basi, haitapanuka. Lazima mtu apige upya.

#16 Yakhe_Forodhani
Habari zenu. Kuhusu Wessex, sisi wa Zanzibar tuna chetu pale. Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe 1946, alirekodi Wessex na Queen. Kumbe alikuwa chumba cha pili na The Clash!

#17 FundiMezani
Karibu yakhe. Umekaribia, umekosea bendi na mwaka. Queen walikuwa Wessex 1977 kwa News of the World, na majirani waliowakuta ni Sex Pistols. The Clash waliingia 1979.

#18 Yakhe_Forodhani
Shukrani kwa masahihisho. Mji Mkongwe bado tunadai pango la studio.

#19 SindanoKavu
Naona wote mmenikimbia. Hakuna aliyejibu #9: mtu asiyejua bendi atasema ni panki?

Ngoja niwape kipimo cha kazi, si cha maneno. Panki ni mkono wa kulia. Chukua Blitzkrieg Bop ya Ramones, mapigo kama 175 kwa dakika. Johnny anapiga nusu pigo, yaani mipigo minane kwa kila mapigo manne, yote kushuka. Hiyo ni mipigo 350 kwa dakika. Wanaojaribu wanakosea mahali palepale: wanatumia kiwiko, msuli wa juu wa mkono unakaza baada ya sekunde 40, wanaanza kupandisha mkono kwa siri, na sauti inageuka kutoka msumeno kuwa baiskeli. Tumia kifundo cha mkono tu, shika piki (kile kipande cha kupigia nyuzi) kwa ncha fupi, milimita tano hivi zitokeze, anza mapigo 120, ongeza matano kila unapoweza kumaliza dakika mbili bila kukaza.

Na santuri yenyewe ya Ramones ni mwalimu: besi iko upande wa kushoto, gitaa upande wa kulia. Zungusha kitufe cha usawa hadi kulia mwisho, besi inatoweka na unamsikia Johnny wazi juu ya ngoma na sauti. Zungusha kushoto, gitaa linatoweka na unamsikia Dee Dee, mpiga besi. Hakuna albamu iliyo wazi zaidi kwa kijana anayetaka kuanzisha bendi. London Calling huwezi kuipiga na wenzako wiki ijayo. Panki ilikuja kusema "nawe unaweza". Hii inasema "mimi naweza".

#20 Nyuzi4
Hiyo ya mwisho imeniingia, sikatai. Lakini wimbo wa London Calling wenyewe unapigika. Gitaa mwanzoni linaanguka kwenye kila pigo, manne, sawasawa kama buti. Kodi (chord) ni Em, kisha F, na kwenye hiyo F uzi mmoja unaachwa wazi, ndiyo maana inachoma kidogo. Kosa la wengi ni kuacha kodi ilie. Legeza vidole vya kushoto mara tu baada ya kupiga, usiinue, legeza tu, ili nyuzi zikatike. Bila ule mkato inakuwa wimbo wa kuota moto kambini.

Halafu besi haifuati gitaa. Inashuka yenyewe. Hapo ndipo hoja yangu inaporudi.

#21 ShangaziRege
Na huyo mwenye besi alianza bila kujua kitu. Simonon alijifunza kwa kuandika noti kwa rangi kwenye shingo ya besi na kupiga juu ya santuri za rege. SindanoKavu, kama "nawe unaweza" ndiyo panki, mtafute mwanapanki zaidi ya huyo. Miaka mitatu baadaye akaandika na kuimba The Guns of Brixton, besi yenye nguvu kiasi kwamba mwaka 1990 Beats International waliichukua wakaiweka chini ya Dub Be Good to Me na ikafika namba moja Uingereza. Gitaa pale linakata tu pembeni, besi ndiyo inaimba.

Na ilitoka Desemba 1979. Ghasia za Brixton ni Aprili 1981. Watu wanazungumza kana kwamba wimbo ulifuata ghasia. Ulitangulia.

#22 Kijiweni_Sugu
SindanoKavu, shangazi kakukata kodi kwa vidole viwili. Kiti changu bado kipo.

#23 SindanoKavu
Nimemsikia. Simonon nampa. Albamu siitoi.

#24 Masikio
Jalada je? Ile picha ya Simonon anavunja besi jukwaani pale London ndiyo panki yenyewe jamani.

#25 KandaMbili
New York, si London. Ukumbi wa Palladium, Septemba 1979, mpiga picha Pennie Smith. Smith hakutaka itumike kwa sababu haiko makini, lenzi haikuwahi kushika. Ray Lowry, aliyebuni jalada, pamoja na Strummer wakang'ang'ania. Herufi za waridi upande mmoja na kijani chini zimefuata jalada la albamu ya kwanza ya Elvis Presley, 1956. Elvis ameshika gitaa analipiga, Simonon ameshika besi anaiua. Besi ni Fender Precision, na vipande vyake vimewahi kuonyeshwa kwenye makumbusho ya jiji la London.

#26 Mwanakijito
Na sababu ya kuivunja wengi wanadhani ni shangwe. Walinzi wa ukumbi walikuwa hawaruhusu watu kuinuka kutoka kwenye viti vyao. Bendi inapiga, ukumbi umekaa kama mkutano wa wazazi. Alivunja kwa kukata tamaa. Nikiitazama picha hiyo, mgongo umepinda, miguu imepanuka, uso hauonekani, sioni ushindi wowote pale.

#27 BibiSanturi
Habarini. Wengine tunakuja kwa swali la vitendo: nakala ya kwanza ya Uingereza naitambuaje? Kuna moja inauzwa na muuzaji anaapa.

#28 KandaMbili
Anza na jalada. Nakala za mwanzo hazitaji Train in Vain popote kwenye orodha ya nyimbo. Kisha toa santuri, uielekeze kwenye mwanga kwa pembe, tazama ile sehemu laini karibu na lebo. Pande nne zimekwaruzwa neno mojamoja la Kiingereza: TEAR, DOWN, THE, WALLS. Na upande wa nne jina la Train in Vain limekwaruzwa palepale, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kulitaja.

Kabla ya kulipa ilaze juu ya kioo bapa. Ikicheza pembezoni, imepinda kwa joto. Angalia zaidi mwanzo wa upande wa kwanza, watu wengi waliurudia wimbo mmoja hadi mfereji ukawa wa kijivu. Mikwaruzo usiyoisikia kwa ukucha mara nyingi ni ya juu tu. Ile ukucha unapokwama, achana nayo.

#29 BibiSanturi
Asante sana. Na kuisafisha?

#30 KandaMbili
Maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, sehemu nne, pombe ya isopropili sehemu moja, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na harufu. Futa kwa kitambaa laini kufuata mfereji, usikate kuvuka. Lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji matupu yaleyale, acha ikauke imesimama.

Onyo moja kwa wenye santuri za zamani za kasi ya 78, zile za taarabu na dansi za wazee: pombe usiiguse kabisa. Zile si plastiki, ni utomvu wa wadudu uitwao shellac, na pombe inauyeyusha. Utafuta vumbi pamoja na wimbo.

#31 Masikio
Kumbe Train in Vain waliificha kwa makusudi? Nimesoma mahali kwamba ilikuwa fumbo kwa mashabiki.

#32 Mwanakijito
Hapana. Ilirekodiwa mwisho kabisa ili itolewe bure na gazeti la NME. Mpango huo ukavunjika, wakaubandika mwisho wa upande wa nne wakati majalada yameshachapwa. Fumbo limetengenezwa na watu baadaye. Na hapa kuna jambo: wimbo ambao haukupangwa kuwemo ndio uliofika namba 23 Marekani.

#33 SindanoKavu
Na ni wimbo wa mapenzi wa kucheza. Nashukuru kwa kunisaidia.

Basi nitoe pendekezo la amani. Ingekuwa santuri moja, ningeikubali kuwa panki: London Calling, Brand New Cadillac, Hateful, Rudie Can't Fail, Spanish Bombs, Clampdown, The Guns of Brixton, Death or Glory, Koka Kola, I'm Not Down. Kumi, dakika 31 hivi. Upande wa nne ukiondoa I'm Not Down unaanguka. Lover's Rock na Four Horsemen hazina kazi pale.

#34 ShangaziRege
Umeondoa Jimmy Jazz! Na Wrong 'Em Boyo! Na Revolution Rock! Wewe umekata matawi yote yenye matunda ukabakiza mti wa kuni.

#35 Nyuzi4
Lover's Rock nakubaliana naye, tena kwa maneno yake pia, si ngoma tu. Four Horsemen ni ya wastani. Lakini Lost in the Supermarket huwezi kuiacha nje. Strummer aliiandika akiwaza maisha ya Mick Jones, aliyelelewa na bibi yake kwenye ghorofa refu, na akampa Jones mwenyewe aiimbe. Na sikiliza Headon chini yake: wimbo laini, lakini ngoma haijalegea hata kidogo. Ukimsikiliza yeye peke yake utadhani wimbo mwingine kabisa.

#36 FundiMezani
Na ukiwa na mashaka na hilo, zima sauti nyembamba kwenye redio yako na uongeze nzito. Kitabaki kile cha chini. Kinasimama.

#37 Yakhe_Forodhani
Nina swali dogo. Hilo jina, London Calling, si ule mwito wa redio?

#38 Mwanakijito
Ndio huo. Mwito wa BBC kwa nchi za nje, uliojulikana zaidi wakati wa vita kuu ya pili. Kwetu Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, kwa hiyo msikilizaji wa pwani anajua uzito wa sauti inayoanza kwa kutaja London: utulie, kuna habari. Strummer aliugeuza. Wanaoita safari hii hawana msaada wa kutoa, wanatangaza maafa. Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani kilikuwa kimepata ajali. Mto Thames ulikuwa unatishia kufurika, na lango kubwa la kuuzuia lilikuwa bado linajengwa, likazinduliwa rasmi 1984. Thatcher alikuwa ameshika madaraka Mei mwaka huohuo. Wimbo wa miezi ile hasa.

Mleta uzi alisema mwanzoni siasa si sababu. Kwa wimbo huu mimi siwezi kuitenganisha.

#39 Nyuzi4
Sikusema haipo. Nilisema siyo inayoibeba. Mtu asiyejua neno moja la Kiingereza akisikia zile buti nne za mwanzo anageuka.

#40 ShangaziRege
Anageuka, ndiyo. Lakini anakaa kwa sababu gani?

#41 KandaMbili
Kabla hamjaanza tena: sikilizeni sekunde za mwisho za wimbo huo, wakati kila kitu kinafifia na mwangwi wa gitaa umebaki. Kuna milio mifupi na mirefu. Ni Mick Jones, kwenye pikapu ya gitaa lake: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, yaani SOS, mwito wa kuomba msaada kwa alama za Morse. Kwenye spika za simu haisikiki, vaeni vidude vya masikioni.

#42 Masikio
Nimeisikia sasa hivi. Miaka yote hiyo nilidhani ni mkwaruzo.

#43 SindanoKavu
Nimeisikia pia. Bado si panki.